Bingwa wa Kuangushwa

Nimeolewa mara mbili. Mara ya kwanza niliolewa na mchinja nyama wa Ilala, akanipa talaka kwa sababu nilimwambia mbele ya wateja kwamba mizani yake inaumwa. Mara ya pili niliolewa na Olimpiki. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema baba yangu siku anapokea posa. Hakutaja ukoo wa mtu, hakutaja kazi yake. Alisema tu, "Binti yangu anaolewa na Olimpiki," na wazee waliokuwa mkekani wakaitikia alhamdulillahi, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua kama Olimpiki ni mji, ni kabila au ni cheo cha serikali.

Baba alikuwa kinyozi pale Temeke, enzi zile Mwingereza ndiye mwenye nchi na Temeke ina mikorosho mingi kuliko nyumba. Kibanda chake kilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na kiti kimoja cha mbao chenye egemeo, kiti alichokipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kinyozi ana bahati ambayo msemaji mwingine hana: anapozungumza, wembe uko shingoni mwa msikilizaji. Baba alisema alichotaka, na Temeke nzima ilimsikiliza bila kubisha. Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua mlangoni mwa kibanda hicho baada ya kurudi na talaka yangu, kwa hiyo yote aliyoyasema niliyasikia, na mengi niliyasikia mara kumi.

Huyo Olimpiki mwenyewe alikuwa Mzaramo wa hapo hapo kwetu, aliyepotea wakati wa vita akawa baharia wa meli ya moshi. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, kuchochea makaa. Akarudi mwaka mmoja na ushei baada ya ile michezo ya Olimpiki iliyochezwa London, amevaa koti la buluu lenye zipu, mgongoni lina maandishi ambayo hata mwalimu wa shule hakuweza kuyasoma, kifuani lina beji ya pete tano. Alikuja kunyolewa. Baba akamuuliza koti kalitoa wapi. Akajibu, "Olimpiki." Baba akamuuliza alikuwa anafanya nini huko. Akajibu, "Mieleka." Akanyolewa, akaondoka. Hayo maneno mawili ndiyo yote aliyoyasema, naapa, nilikuwepo na upawa mkononi. Yaliyobaki aliyaongeza baba.

Kufika adhuhuri yule bwana alikuwa amekwisha kuwaangusha Wazungu wanne. Kufika alasiri walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa Mrusi. Ijumaa, baada ya swala, nilimsikia baba akimwambia karani wa mahakama, huku anamnyoa kidevu, kwamba mikono ya yule bwana imeandikishwa serikalini kama bunduki, na akimpiga mtu mweleka bila kibali cha Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, anafungwa. Karani, mtu wa kujua sheria, alifumba macho akasema ni kweli, sheria hiyo ipo.

Mwezi wa pili yule bwana akaleta posa. Nilikuwa nimeapa sitaki tena mume. Lakini alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayekula vitumbua kumi na viwili bila kusema neno, na mimi napenda mtu anayekula kimya. Nikakubali.

Siku ya nne ya fungate ndipo aliponiambia ukweli. Meli yao iliharibika London. Wenzake wakapangiwa meli nyingine, yeye akabaki kwenye nyumba ya mabaharia. Asubuhi moja akaja Mzungu mfupi, mkufunzi wa timu ya mieleka ya nchi ambayo mume wangu hakuwahi kulitamka jina lake kwa namna ile ile mara mbili. Timu hiyo ilikuwa na mpiganaji mmoja mzito kabisa, na mwenzake wa kufanya naye mazoezi alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Ikabidi wapate mtu mwingine mzito wa kuangushwa. Mkufunzi akawapanga mabaharia ukutani, akawapapasa mabega na shingo kama watu wanavyopapasa mbuzi karibu na Idi, akamwonyesha yeye kidole.

"Kwa hiyo ukapigana naye," nikasema.

"Niliangushwa," akasema. "Wiki tatu. Tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, isipokuwa Jumapili."

"Wewe hukumwangusha hata mara moja?"

"Haikuwa kazi yangu."

Alinieleza hayo bila aibu, kama mtu anayeeleza alivyokuwa akipasua kuni. Walimpa nyama na mayai, wakati Waingereza wenyewe wanapanga foleni na kadi za mgao mkononi kutafuta kipande cha siagi. Yule mkubwa alimnyanyua, akamzungusha, akambwaga, na mkufunzi akawa anamfundisha mume wangu namna ya kuanguka ili asiishe mapema: kidevu kifuani, mgongo uviringe, kiganja kipige chini kabla ya mwili kufika. Siku ya mashindano yenyewe mume wangu alishika taulo. Mpiganaji wao akaangushwa siku ya kwanza, taulo halijalowa. Wakalia wote, mume wangu pamoja nao, wakamvalisha koti, wakaagana.

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Mkwe hasahihishwi," akanijibu. "Nimwendee mzee mzima nimwambie baba, wewe muongo? Mie nilimwambia maneno mawili tu. Hayo mengine ni yake."

Na kweli, heshima ya ukwe kwetu ndivyo ilivyo. Alikuwa hawezi hata kukaa mkeka mmoja na baba, sembuse kumkanusha. Basi yakawa hivyo. Baba akaendelea kuhesabu Wazungu, mume wangu akaendelea kunyamaza, na mimi nikawa katikati yao na siri kubwa kama gunia la mkaa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuacha mazoezi. Kila alasiri akitoka kazini alikwenda uani, akavua shati, akaanguka. Akaamka, akaanguka tena. Mara thelathini, mara arobaini. Udongo wa ukuta ukawa unabanduka kwa kishindo. Nilimuuliza anajitayarisha kwa lipi, akasema ufundi ukiachwa hukimbia. Siku moja alianguka kutoka juu ya paa akishona makuti. Akajiviringisha, akasimama, akaniomba nimpe kamba aliyoidondosha. Baba akawa anawaleta wateja wake nyuma ya ua wetu, kidevu nusu kimenyolewa nusu kina povu, wasikilize. "Mnasikia?" anawaambia. "Anajipasha misuli huyo." Wanasikiliza, wanatikisa kichwa, wanarudi kumaliziwa.

Kazi yake ilikuwa kupakia kokoto kwenye lori, kutoka Pugu kuja mjini. Kwenye lori hilo alikuwa na mwenzake, Mnyamwezi mmoja mwenye shingo nene, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara. Mtani anaruhusiwa yote. Anakuvua kofia njiani, anakula chungu chako kabla hujapakua, anakutukania maiti wako siku ya mazishi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Huyu wetu aliutumia utani wake barabara. Aliingia kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akala minofu, akaniachia mchuzi na nasaha. Akimwona baba alisema, "Shikamoo maiti." Baba alijibu, "Marahaba. Nakungoja wewe unichimbie." Walipendana sana.

Mwaka wa tatu au wa nne wa ndoa yetu baba akaanza kuugua. Kifua kilibana, miguu ikavimba, mkono wa wembe ukawa unatetemeka mpaka wateja wakaanza kubisha. Akafunga kibanda, akahamishiwa nyumbani yeye na kiti chake. Siku moja nimempelekea uji akaniambia, "Mwanangu, miaka yote hii nimemsema mkwe wangu. Sijamwona akimwangusha hata beberu. Nataka nimwone mara moja kabla sijaondoka."

Nilimwambia mume wangu. Akakaa kitako na akaacha kula, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ikatokea wakati huo huo Malkia mpya wa Uingereza anatawazwa, na serikali ikataka watu wa Temeke wafurahi. Akaja Mzungu wa ustawi wa jamii, kijana mwekundu mwenye filimbi, akatangaza michezo uwanjani: kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia, kupanda nguzo iliyopakwa mafuta. Akasikia kwamba Temeke ina mtu wa Olimpiki. Alifurahi karibu kulia. Akataka mieleka, mwisho wa michezo, mbele ya wakubwa. Tatizo likawa mpinzani. Kila aliyeulizwa alikumbuka ile sheria ya mikono iliyoandikishwa, akaanza kuumwa kiuno. Mtu mmoja tu ndiye aliyejitolea, naye ni mtani.

Tulimwita nyumbani. Nilimpikia wali wa nazi, safari hii nikampakulia mwenyewe. Mume wangu akamwomba aanguke.

"Mie nianguke mbele ya Mzaramo?" akasema mtani. "Mbele ya wenzangu wa lori?"

"Kwa ajili ya mzee," nikasema.

Akameza tonge. "Nitaanguka. Lakini mwezi mzima huyu ataniita bwana, na mchanga wangu wa kwenye viatu atakung'uta yeye." Tukakubaliana.

Siku yenyewe watu wanne walimbeba baba uwanjani juu ya kiti chake cha kunyolea, wakamweka mstari wa mbele, karibu na wakubwa. Alivaa kanzu nyeupe na koti. Aliwasalimia watu kana kwamba ndiye anayetawazwa.

Mzungu akapuliza filimbi. Mume wangu na mtani wakakaribiana. Mtani, kwa kufuata ada, akanyoosha mkono kumshika bega. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sote watatu tulilisahau kwenye ule wali: mume wangu alikuwa na ujuzi mmoja tu duniani. Lile bega lilipoguswa, mwili haukungoja shauri. Kidevu kifuani, mgongo ukaviringa, kiganja paa, akawa chali.

Mtani alisimama juu yake na mkono bado umenyooka, haamini. Kisha akakumbuka ahadi, na kwa kuwa ni mtu wa neno lake, naye akajitupa chini pembeni. Wakawa wamelala wawili, wanatazama mawingu. Mzungu akawazunguka akiwa ameinama, anatafuta nani yuko chini ya nani.

Akawaamuru warudie. Safari ya pili mtani hakumgusa mtu. Alianguka mwenyewe filimbi ilipolia. Na mume wangu, ambaye maishani mwake hakupata kuona mpinzani akiwa chini, hakujua mtu wa namna hiyo anafanywa nini. Akamwinua. Akamkung'uta vumbi mgongoni. Watu walianza kucheka upande wa nguzo ya mafuta, kicheko kikatembea uwanja mzima mpaka kwa wakubwa. Safari ya tatu walikuwa wamekwisha kuchanganyikiwa wote wawili, wakaanguka pamoja kabla filimbi haijafika mdomoni. Mzungu akatangaza sare, akawapa kila mmoja kikombe chenye picha ya Malkia.

Baba alibebwa kurudishwa nyumbani. Alipowekwa ukumbini ndipo aliponitazama. "Nimeona watu wawili wanagombea kulala," akasema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo mume wangu hakukanyaga kwa baba. Alipeleka samaki, alipeleka dawa, alisimama nje ya ua akatoa salamu, akaondoka. Ajabu ni kwamba heshima yake nje haikushuka ilivyostahili. Magolikipa wa timu za Temeke waliokuwepo uwanjani hawakucheka. Wao walitazama ule mgongo unavyoviringa. Wiki iliyofuata walikuwa wanne uani kwangu, wamevua mashati, wanafundishwa kuanguka. Ukuta wa jikoni ukalala kabisa. Baadaye wakaja hata wa Kinondoni, na kazi hiyo aliifanya mpaka mvi zikamjaa, wala sikupata kumwona na uso wa furaha kama alipokuwa akimpigia kelele golikipa aweke kidevu kifuani. Lakini wakati ule hakuwa na furaha. Alikuwa akimaliza kufundisha anakaa juu ya kinu, anatazama upande wa nyumba ya baba.

Nikachoka. Mimi si mtu wa kubeba siri kwa miaka. Mchinja nyama angeweza kukuambia. Nikaenda kwa baba, nikakaa karibu na kitanda, nikamwambia yote: makaa, nyumba ya mabaharia, mtulinga, wiki tatu isipokuwa Jumapili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo aliyekuwa akimwangusha," akauliza, "alishinda?"

"Aliangushwa siku ya kwanza."

Baba akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwegemeza, nikamfuta mdomo, naye bado anacheka. Kilipotulia macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua ya kipi.

"Wale Wazungu kumi na mmoja ni wangu," akasema. "Nitawatubia mwenyewe. Lakini nilisema mkwe wangu anaweza kumwangusha mtu. Nimelisema kwa watu wote wa Temeke, wembe uko shingoni mwao. Siwezi kuwafuata mmoja mmoja sasa. Mie nataka lile moja liwe kweli, mwanangu. Naogopa kwenda nalo likiwa uongo."

Baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa kitu. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima. Nikamweleza mume wangu, na mtani alikuwepo, mkono wake uko ndani ya sufuria yangu kama kawaida. Aliutoa. Alinawa, akaaga vizuri kama mgeni, akaenda zake.

Mume wangu alijaribu. Aliwaomba wapakiaji wenzake kule Pugu wasimame awaangushe, na kila alipomshika mtu alijikuta chini yeye. Alijaribu wiki mbili. Alhamisi ya wiki ya tatu, asubuhi, baba akafariki.

Alioshwa, akavikwa sanda, akawekwa kwenye jeneza, likafunikwa shuka la kijani. Sisi wanawake tulikuwa vyumbani na uani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa chumba, ninaona ukumbi mzima hadi nje. Wanaume wakalinyanyua. Mume wangu alishika mbele. Wakafika kizingitini wakasimama, kwa sababu mtani alikuwa amelala pale, amekingama mlango mzima, vumbi la kokoto bado liko kwenye nywele.

Hakuna aliyeshangaa. Mtani ana haki hiyo. Anazuia maiti, anatukana kidogo, anapewa chochote, anapisha. Wakamletea tumbaku. Akaisukuma. Wakamletea kuku. Akamwachia kuku akakimbia. Shangazi yangu akamtupia kanga mpya kabisa, ikaangukia usoni pake, akaipuliza ikaanguka.

"Kinyozi huyu kanidanganya miaka yote kashika wembe," akasema mtani. "Leo hana wembe. Hapiti hapa mpaka nimwone huyo bingwa wake."

"Ndugu yangu, ondoka," mume wangu akasema. "Nina msiba."

"Msiba wako. Mlango wangu."

"Nakuomba."

"Huyo mzee alikuwa muongo," akasema mtani kwa sauti ya kusikika barabarani. "Ataulizwa kaburini, na jibu hana."

Mume wangu alimpa mtu mwingine mpini wa jeneza. Akainama. Mpaka leo wapo wanaodai kwamba wawili wale walipanga, na mimi nawaambia hawakuwepo. Niliiona shingo ya mtani ilivyojaa mishipa. Aliushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akajikaza kwa nguvu zote za mtu anayepakia kokoto. Mume wangu akapitisha mkono mmoja chini ya kwapa na mwingine chini ya goti, mahali hasa ambapo yeye alishikwa asubuhi zote zile, akanyanyuka. Mwimo ukang'oka na misumari yake na udongo, mtani kaukumbatia. Akazungushwa hewani. Akabwagwa nje, katikati ya njia. Alianguka vibaya kabisa, kama mtu asiyefundishwa. Kidevu hakikwenda kifuani, kiganja hakikupiga chini, na bega likatoka mahali pake tukalisikia sote.

Mume wangu akabaki amesimama. Alitazama mikono yake, kisha akageuka kulitazama jeneza.

Wabebaji walikuwa pale pale kizingitini, baba yuko mabegani mwao, juu kuliko sisi wote, na mlango mbele yake uko wazi. Nilifungua mdomo nilie, na kilichotoka kilikuwa kigelegele, kirefu, cha harusi. Shangazi akaniziba mdomo kwa kiganja. Nikamuuma, nikapiga cha pili, na jeneza likatoka.